Tulikwenda Kuyasalimia Maji

Mtu aliyekaa Kilosa miaka arobaini haulizwi kama anapenda maji. Maji kwetu hayaendewi. Yanakuja yenyewe, tena usiku, bila hodi, yanaingia kwa mlango wa mbele na kutokea uani, na yakishaondoka yanakuachia sebuleni mchanga wa wilaya nyingine. Kwa hiyo Julai iliyopita, mpwa wangu aliposhuka kutoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, shati halina hata kunyanzi, akaniambia, "Mjomba, safari hii nimekuja tupumzike, twende ziwani," nilimuuliza swali ambalo mtu mzima yeyote angeuliza.

"Nani amefiwa?"

"Hakuna msiba, mjomba. Tunakwenda tu. Kutembea, kuvua, kupanda boti. Wenzetu huko duniani mji ukiwa na kaziwa kadogo tu ka umma, Jumamosi watu wamejaa. Huyu anazunguka kando, yule kashika ndoana, wale wamo kwenye boti na watoto wao. Jioni wanarudi nyumbani."

"Wanarudi na nini?"

"Wanarudi tu."

Hapo ndipo nilipopaswa kukataa. Lakini kijana alikuwa ameshafungua begi mbele ya mke wangu na kuanza kupanga vitu juu ya meza kama mchuuzi wa mnadani. Fimbo ya kuvulia inayokunjika kama mwavuli, ina kigurudumu cha uzi na kishikio cha kuzungushia. Samaki wa plastiki aliyepakwa rangi kuliko samaki yeyote niliyewahi kumla, nikaambiwa huyo ndiye chambo. Kofia mbili. Halafu majaketi okozi mawili, rangi ya machungwa, kila moja na filimbi yake. Mke wangu akajaribu filimbi, ng'ombe wa jirani akaitika, naye akasema nendeni, huyu mjomba wako tangu astaafu kazi yake ni kusikiliza redio na kuibishia.

Niseme mapema kwamba mimi ni mstaafu wa reli, ile ya zamani, ya upana wa mita moja, ambayo Mjerumani aliifikisha Kigoma mwaka 1914 na sisi tukabaki kuibembeleza. Nimekagua tuta na mataruma kati ya Kilosa na Gulwe kwa miguu, kwa kitoroli, na mara moja kwa kukimbia, nyuki wakinifuata. Kijana aliponieleza kwamba kutembea porini bila kutumwa kunaitwa haikingi, na kwamba kuna watu wananunua viatu maalumu kwa ajili hiyo, nilinyamaza. Mimi nilikuwa nalipwa, tena viatu walitoa wao.

Simu yake ilimwonyesha maji mawili. La kwanza ni bwawa la viboko ndani ya Hifadhi ya Mikumi. La pili ni Ziwa Gombo, upande wa Kidete kuelekea Mpwapwa. Nikasema tuanze na Mikumi, kwa sababu kule maji yana lango, na mahali penye lango huwa pana choo.

Tulikodi Noah ya jirani na kutoka alfajiri. Njiani kuna kijiji kinaitwa Ulaya. Kila mgeni anayepita lazima atoe mzaha uleule. Mpwa wangu aliutoa mara tatu, mara ya tatu kwa video akiwatumia wenzake wa ofisini. Sikumlaumu. Ulaya yetu hii ina heshima yake, unaingia bila viza, unasubiri tu ng'ombe wavuke.

Mikumi nako, kwa asiyejua, jina linatokana na mikumi, ile mitende mirefu yenye tumbo katikati ya shina, ambayo Waswahili wa pwani wanaiita mivumo. Mji wenyewe siku hizi ni wa malori. Barabara kuu ya Iringa, Mbeya hadi Zambia inakatiza hifadhi kwa kilomita kama 50 kabla ya kufika pale, na dereva wa lori anayekula chipsi mayai kando ya barabara ameshaona tembo wengi kuliko profesa yeyote wa wanyama, bure, akiwa amebanwa na haja ndogo na haruhusiwi kushuka. Barabarani mle kuna kibao kilichoorodhesha wanyama, na mbele ya kila mnyama faini ya anayemgonga, kwa dola. Nilimwomba dereva apunguze mwendo nikakisoma chote. Twiga yumo, simba yumo, hata ngiri kapewa thamani yake. Nikatafuta mstaafu. Hayumo.

Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na kati ya hizo sisi tulihitaji kama za uwanja wa mpira, pale maji yalipo. Bwawa haliko mbali na lango, ukishika upande wa uwanda wa Mkata. Tulifika jua limeanza kuchoma. Viboko walikuwa ndani, wamezama mpaka machoni, wamebanana kama abiria wa daraja la tatu. Ukiwatazama kwa muda unaanza kuwatofautisha. Yule anapuliza maji puani kila baada ya dakika, yule anatikisa sikio moja tu, yule mkubwa wa pembeni hafanyi chochote. Mmoja akapiga mwayo mrefu, meno kama vigingi vya hema, na wengine wote wakageuka polepole kumtazama, vilevile kama tunavyomtazama mwenzetu kijiweni anapotaja pensheni. Nilijisikia nyumbani kabisa.

Mpwa wangu alikuwa amekwishakunjua fimbo.

"Samahani kaka," akamwambia askari wa hifadhi aliyekuwa na kundi jingine la wageni, "hapa tunaweza kuvua?"

"Kuvua hapana."

"Kuzunguka bwawa kwa miguu?"

"Peke yenu hapana."

"Na boti je?"

Askari akalitazama bwawa. Akaitazama fimbo. Akanitazama mimi, kwa huruma ya mtu anayejua kuwa mzee hakuja kwa hiari yake. "Boti ya nini?" akauliza.

Nilimpenda kijana yule. Kiboko dume anaweza kupita tani moja na nusu, anashindia na kulalia majani, na kwa majani hayo peke yake amepata nguvu ya kupindua mtumbwi na mbio za kumshinda binadamu nchi kavu. Mimi nakula nyama na sipandi ngazi bila kushika ukuta. Kanuni za pale sina ugomvi nazo. Tukakaa mahali palipopangwa, tukala mayai ya kuchemsha tuliyobeba, tukawatazama. Kwa upande wangu ziara ilikuwa imekamilika: maji tumeyaona, hayajatufuata.

Lakini kijana alinuna njia nzima. Huku siyo kutembelea ziwa, alisema, huku ni kutembelea wenye ziwa. Tulipofika karibu na nyumbani akauliza, "Mjomba, lakini kwa nini Kilosa yenyewe haina ziwa?"

"Tulikuwa nalo," nikamwambia. "Lilikuja Desemba 2009, likakaa mpaka Januari."

Alidhani natania. Yeye wakati ule alikuwa darasa la tatu huko Temeke, mafuriko yetu aliyaona kwenye televisheni kati ya tangazo la sabuni na taarabu. Basi nikamweleza, na wewe msomaji uliye mbali nisikilize pia. Mto wetu ni Mkondoa. Maji yake mengi si yetu, ni ya Dodoma. Yanakusanyika na Kinyasungwe, yanashuka bondeni Gulwe, Godegode, Kidete, yanapita kwetu yakienda kuwa Wami na hatimaye bahari. Ndiyo kusema mvua inawanyeshea Wagogo, wanaolowa ni sisi. Kule juu kuna mabwawa, Hombolo, Ikowa, Dabalo, ila maji ya Dodoma hayasafiri peke yake. Yanasafiri na mchanga, na mchanga ukishafika bwawani unahamia moja kwa moja, na kila mwaka nafasi ya maji inapungua.

Kidete ndiko kulikokuwa na bwawa la karibu yetu. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zikalishinda. Kingo za mto nazo zikaachia. Wilayani watu zaidi ya 20,000 wakaathirika, maelfu wakahamia kwenye mahema. Reli kati ya Kilosa na Gulwe nililetewa habari zake kabla sijaiona, nikabisha, halafu nikaiona. Tuta limekwenda lote. Pau za reli zilikuwa zinaning'inia hewani, mataruma bado yameng'ang'ania chini yake, mithili ya ngazi iliyolazwa juu ya mto. Kwa miezi kadhaa abiria wa Kigoma na Mwanza wakawa wanapandia Dodoma, na mimi, mfanyakazi wa reli, nikawa na kituo, kofia na filimbi, sina treni. Kwa hiyo mtu akiniambia nikayatembelee maji kwa furaha, asishangae nikikunja uso. Ningependa kwanza yajue nani anapaswa kumwomba mwenzake radhi.

Kijana akakaa kimya mpaka tukafika nyumbani. Kisha akasema, "Basi kesho twende Gombo ukayaone mjomba. Labda yamezeeka."

Nilikosa la kujibu, na kukosa jibu ndiko kulikonipandisha juu ya bodaboda saa kumi na moja asubuhi, jaketi la rangi ya machungwa mgongoni, kama mzigo wa nyanya.

Safari sitaieleza. Aliyewahi kupita njia za bonde lile anaijua na asiyepita mgongo wake hautaamini. Mahali fulani baada ya Kidete bodaboda zikasema mwisho wetu hapa, na tukaanza ile haikingi. Hatujatembea hata nusu saa tukakutana na mama ana mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Mnatafuta nini?"

"Hatutafuti kitu. Tunatembea."

"Mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu."

Mama akashusha kuni. Mtu mwenye kuni kichwani hashushi mzigo kwa jambo dogo. Alimtazama mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa ameinua simu juu akitafuta mtandao, anageuka kushoto, anageuka kulia, fimbo imechomoza begani. "Aa," akasema mama, "mmekuja kupima." Nikamwambia hatupimi. Akasema sawa baba, najua hamruhusiwi kusema, lakini shamba letu linaanzia pale kwenye ule mkwaju, andikeni vizuri jina, na ile migomba ni minane, siyo mitano.

Nimefanya kazi ukanda huu, nawaelewa watu wake. Katika maisha yao hakuna mtu aliyewahi kupita pale akiangalia huku na huku bila sababu ila aliyetumwa kupima, na kila anapopita mpimaji kinachofuata ni kigingi, kisha ahadi ya fidia, kisha kungoja. Tulipokaribia ziwa nyuma yetu kulikuwa na watu tisa na mbwa. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na alikuja na daftari la wageni.

Kalamu yake ilikuwa haiandiki, tukatumia ya kwangu, ambayo sikurudishiwa. Jina, utokako, tarehe, saini. Halafu safu ya mwisho: dhumuni la ziara. Mpwa wangu akaandika "kupumzika". Mwenyekiti akasoma, akatikisa kichwa kwa adabu.

"Mheshimiwa, kupumzika siyo dhumuni. Mtu anapumzika kwake. Andika jambo."

Nikachukua daftari nikaandika "kusalimia".

"Kumsalimia nani, mzee?"

"Maji," nikasema. "Tunafahamiana tangu 2009."

Akanitazama kidogo, akacheka mpaka akashika goti, akawageukia wale wanane na kuwaambia warudi makwao, huyu mzee ni wa reli, hana fidia ya mtu. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja.

Basi, ziwa. Nitakuwa mkweli, maana nimeshazoea kusema vibaya. Gombo hupanuka masika na kunywea kiangazi, na siku ile lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma, limeacha ukingo wa matope yaliyopasukapasuka kama sahani zilizoanguka. Baada ya hapo matete, halafu maji, mapana, ya rangi ya chai ya maziwa yasiyotosha. Ng'ombe walikuwa wamesimama ndani mpaka magotini, yangeyange weupe miguuni mwao. Upepo ulikuwa mdogo. Mahali fulani nyuma ya vilima honi ya treni ikalia mara mbili, nami bila kujijua nikatazama saa yangu. Imechelewa. Nikafurahi.

Tatizo la ziwa lile ni kwamba hakuna pa kukaa. Sisemi hoteli. Sisemi geti wala kibanda cha tiketi, hayo yanaleta risiti. Nasema benchi, ubao mmoja juu ya mawe mawili. Pale Mikumi kila kitu kimepangwa na karibu kila kitu kimekatazwa. Hapa hakuna kilichokatazwa waziwazi, na hakuna aliyepanga hata kivuli. Nilikaa juu ya jiwe lenye maoni yake, tukafungua chakula. Andazi la jana na chai ya chupa.

Hapo nikamkumbuka Shaw. Henry Morton Stanley alipita hapa Mei 1871 akimtafuta Livingstone, na ziwa akaliandika kwa jina la Ugombo. Alikuwa na Wazungu wenzake wawili, Farquhar na Shaw, wote wawili watu wa merikebuni. Wakiwa wamepiga kambi kando ya ziwa hili, kukazuka ugomvi kuhusu chakula cha asubuhi. Shaw aliidharau nyama aliyotengewa, maneno yakazaa maneno, Stanley akamwangusha chini. Usiku wake risasi ikapasua hema la Stanley, naye alipotoka kukagua akakuta bunduki ya Shaw bado ina moto. Farquhar aliachwa mgonjwa Mpwapwa akafia huko. Shaw akafia Tabora. Aliyefika Ujiji na kuandika kitabu ni yule ambaye, kwa mujibu wa kitabu hicho, hakuwa na kosa. Mimi ni mtu wa kulalamikia kifungua kinywa, ni kipaji changu, lakini nilipofikiria hatima ya aliyekilalamikia mahali palepale nikalitafuna andazi langu kimya.

Baada ya chai mpwa wangu akasema sasa boti, na usalama kwanza. Tukavaa majaketi okozi, tukafunga vifungo vyote, tukatokeza kwenye matete.

Ziwani kulikuwa na mitumbwi mitano. Nilihesabu mwenyewe. Tulipotokeza, mtu wa mtumbwi wa kwanza akainua kichwa, akaona rangi ya machungwa mara mbili, akapiga mluzi mfupi. Sijawahi kuona kazi ikifungwa kwa utaratibu ule. Nyavu zikavutwa ndani, mitumbwi ikageuzwa, matete ya ng'ambo yakafunguka na kufunga, na kwa muda wa mtu kusema bismillahi ziwa likawa halina mtu. Walidhani sisi ni maafisa uvuvi. Anayevaa jaketi kwenye ziwa la kina kile ni mtu wa serikali, na mtu wa serikali akija ziwani huja kukagua matundu ya nyavu, na nyavu zenye matundu madogo huchomwa moto hadharani.

Alibaki mmoja, mzee wa umri wangu, mtumbwi wake umeegeshwa. Hakukimbia kwa sababu hakuwa na wavu. Alikuwa na fito, uzi, ndoana na kopo la minyoo.

"Mnavua kitoweo au biashara?" akatuuliza tulipokwisha kusalimiana.

"Hapana mzee," mpwa wangu akamjibu kwa uchangamfu. "Sisi tunavua kujifurahisha. Tukimpata tunampiga picha, halafu tunamrudisha."

"Mnamrudisha wapi?"

"Majini."

Mzee akavuta uzi wake, akabadilisha mnyoo bila haraka, akautupa tena. Kisha akanigeukia mimi.

"Huyu ni mwanao?"

"Mtoto wa dada yangu."

"Anatibiwa wapi?"

Alikubali kututembeza. Mtumbwi ulikuwa wa gogo moja, umetoboka mahali pawili na kuzibwa kwa matambara na lami. Mgeni wa mbele akapewa nafasi ya kupigia picha. Mgeni wa kati, yaani mimi, nikapewa kopo la rangi la lita nne. Nilidhani ni la kukalia. Ni la kukumbia maji. Mwenye chombo akasimama nyuma na upondo, akasukuma, na hivyo ndivyo nilivyolizunguka Ziwa Gombo: nimeinama, natoa maji ndani, nayarudisha nje, na kwa kila kopo moja nililomwaga nusu ilikuwa inarudi kupitia kwenye tambara. Nikimaliza kuinama naona matako ya mpwa wangu. Hiyo ndiyo mandhari niliyoipata.

Samaki wa plastiki alirushwa mara nyingi. Mara ya kwanza alishika matete. Mara ya pili alishika matete. Mara ya tatu kijana akavuta fimbo nyuma kwa nguvu zaidi na ndoana ikashika kofia yangu, ikapaa nayo, ikaitua majini kwa ustadi, na hiyo ndiyo mara pekee siku ile ambapo kitu kilishikwa, kikapigwa picha na kurudishwa kwa mwenyewe. Wakati huohuo mzee wa nyuma, kila aliposimamisha mtumbwi, alikuwa anateremsha mnyoo wake na kupandisha perege, mmoja mmoja, kama mtu anayetoa nguo kabatini. Akapata na kambale mwenye sharubu za karani wa mahakama.

Nilipogeuka kumtazama yule kambale, mtumbwi ukayumba. Kidogo tu. Kina hapo hakifiki kiunoni, mzee alikuwa ameshatuonyesha kwa upondo. Lakini jaketi okozi lina karatasi ya maelekezo iliyoshonwa kwa ndani, na mpwa wangu ni mtu wa kusoma maelekezo. Akapiga filimbi.

Huko mjini filimbi ni trafiki. Kwenye malisho, filimbi ya mfululizo ina maana ng'ombe wanaibiwa. Vijana wawili wa Kimasai waliokuwa wamelala chini ya mgunga wakaamka wakiwa tayari wanakimbia, rungu mkononi, wakakata maji mpaka tulipo, wakasimama pande mbili za mtumbwi, maji yamewafika mapajani, wakitazama ni nani wa kupigwa. Ilibidi mzee aeleze kwa kirefu, kwa lugha mbili, na kila alipofika kwenye neno "kumrudisha majini" wale vijana walimtazama mpwa wangu upya.

Tulinunua perege saba na yule kambale kwa shilingi elfu kumi. Kijana aliomba kupiga picha amewainua, na mzee akasema picha ni bure. Nyumbani mke wangu alipopokea kapu akasema, "Kumbe kweli mlivua!" Mpwa wangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Sasa nina ombi, na nalitoa kwa yeyote mwenye msumeno. Ukanda ule hauhitaji boti za injini wala kongamano la wadau. Sihitaji hata mtu anipokee, maana daftari lipo na sasa wana na kalamu. Nahitaji benchi mbili kwenye kivuli, mahali pa kutazamia ng'ombe wakinywa, ili mzee aweze kuyanunia maji akiwa ameegemea kitu. Mbao nitachangia mimi. Mataruma chakavu ya mbao yangefaa zaidi, ila ya reli mpya ni ya zege.

Mpwa wangu amerudi Dar es Salaam. Wiki ya kwanza alipiga simu kutaka kujua hali ya mgongo wangu. Wiki ya pili akapiga tena.

"Mjomba, nimefungua begi, jaketi moja silioni. Umelisahau kuniwekea?"

"Sijalisahau," nikamwambia.

Liko nyuma ya mlango wa mbele, limetundikwa kwenye msumari na filimbi yake, juu kidogo ya ile alama ya maji ya 2010. Mvua zinaanza Novemba.